Mvuke Huu Ni Maji Yetu: Barua ya Wazi kutoka Mlima Eburru

Kwa Waziri wa Kawi. Kwa Waziri wa Maji. Kwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru. Kwa wawakilishi wetu katika Bunge la Kitaifa, Seneti na Bunge la Kaunti. Na kwa wakuu wa mashirika ya umma yanayosimamia mvuke, maji, mazingira na misitu.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Eburru, mlima uliosimama kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Elementaita, katika kaunti ndogo ya Gilgil. Wengi wenu mnaufahamu kupitia ramani za kawi: hapa pana joto ardhini, hapa pamechimbwa visima, hapa pana mtambo wa umeme. Yote hayo ni kweli na hatuna ugomvi nayo. Ombi letu ni moja, na ni vizuri mlijue mapema. Kabla ya kisima kingine chochote cha mvuke kuchimbwa katika mlima huu, matundu ya mvuke ambayo wanakijiji huyatumia kupata maji yaandikishwe kisheria kuwa vyanzo vya maji, yapimwe, na yalindwe jinsi mnavyolinda mto au chemchemi.

Upande wetu wa mlima hauna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua hunyesha, tena vizuri katika miaka mizuri, lakini ardhi yetu ni majivu na kokoto nyepesi za volkano. Maji hayatulii juu. Yanapenya papo hapo na kwenda zake chini, huko kwenye mawe ya moto, na yanachoturudishia ni mvuke. Hutoka kwenye nyufa za miteremko, kati ya mahindi na viazi, kando ya barabara, nyuma ya nyumba za watu. Mgeni akifika asubuhi ya baridi hudhani kuna mioto midogo midogo imewashwa mlima mzima.

Inafaa tueleze jinsi maji haya yanavyopatikana, maana wageni wengi hufika hapa, wakapiga picha za mvuke, wakaondoka bila kujua kwamba walichokipiga picha ni kisima cha mtu.

Kwanza hutafutwa ufa wenye nguvu, kwani si kila ufa unafaa. Hufukuliwa taratibu kwa jembe la mpini mrefu, kwa sababu mvuke wenyewe una joto la karibu nyuzi 90 na huchoma hata kupitia gunia. Shimo likishakaa sawa hufunikwa kwa mawe na udongo, au kwa saruji kwa mwenye uwezo, likaachiwa tundu moja la kupachika bomba. Bomba hulazwa kwenye mteremko mdogo, mita kadhaa, likipita katika baridi ya mlima. Humo ndani mvuke hupoa, ukawa matone, na matone yakashuka hadi kwenye mdomo wa bomba palipo na tangi, pipa au mtungi wa lita 20. Hakuna pampu wala umeme wala dawa. Usiku na alfajiri, hewa inapokuwa ya baridi, bomba hutoa vizuri. Mchana wa jua kali hutoa kidogo. Ndiyo sababu mitungi hupangwa foleni jioni ikachukuliwa asubuhi, na ndiyo sababu ugomvi wa maji hapa kwetu huwa wa alfajiri.

Kulitunza bomba ni kazi ya mtu mzima. Gesi inayoandamana na mvuke, ile yenye harufu ya yai viza, hula chuma. Bomba linaloonekana zima kwa nje huwa ndani limejaa maganda ya kutu, na mabati ya nyumba iliyo karibu na ufa hutoboka kabla ya wakati wake. Mama mmoja jirani yangu huzibua bomba lake kwa fimbo iliyofungwa kitambaa, mkono akiwa ameuzungushia gunia lililoloweshwa maji. Huisukuma fimbo polepole, akasogea kando mvuke utoke kwa kishindo, akasubiri. Kisha huonja tone la kwanza kwa ncha ya ulimi. Likiwa na ladha ya kutu, mtungi wa kwanza ni wa ng'ombe. Wa pili ndio wa chai.

Maji haya yana jambo lingine ambalo watu wa Bonde la Ufa wataelewa upesi. Katika maeneo ya Naivasha, Gilgil na Nakuru, maji mengi ya visima virefu yana floraidi, aina ya chumvi ya madini, kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo. Mtoto akiyanywa miaka yote meno yake yakiwa yanaota, meno hayo hubadilika rangi yakawa ya kahawia na hayarudi tena. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hushika mifupa pia. Mvuke unapopanda huziacha chumvi hizo huko chini, kwa hiyo maji yanayodondoka kwenye bomba huwa mepesi. Mkituambia tuache mvuke tuchimbiwe kisima, swali letu la kwanza litakuwa: kisima hicho kitakuwa na floraidi kiasi gani, na nani atalipia mtambo wa kuichuja kila mwaka? Tunauliza kwa dhati. Kisima kikikidhi kipimo tutakishukuru, lakini kiwe nyongeza. Kisiwe fidia ya kitu kilichoharibiwa ambacho kilikuwa kinafanya kazi.

Hapa ndipo sheria inapotuacha pembeni. Sheria ya Maji ya 2016 inapoeleza rasilimali ya maji inataja maziwa, vidimbwi, vinamasi, vijito, mito, maji yaliyo katika miamba ya chini, na mengineyo yanayotiririka au kutuama juu ya ardhi au chini yake. Mvuke haumo. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inautaja mvuke waziwazi, lakini ndani ya rasilimali za joto la ardhini, ambazo kabla hazijachimbwa ni mali iliyokabidhiwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo tundu lilelile linalojaza mtungi wa mama yule linahesabika kama kawi ya taifa, na kwa upande wa maji ni kana kwamba halipo. Mwekezaji akiomba leseni na maafisa wakiulizwa ni vyanzo gani vya maji vilivyo karibu, mtu anaweza kujibu kwa nia njema kabisa kwamba hakuna.

Kuna nchi zilizolitazama jambo hili kwa jicho jingine. Japani, nchi ya milima na chemchemi za moto, ina sheria ya chemchemi hizo tangu 1948. Sheria hiyo haikuishia kwenye maji ya moto yanayobubujika; inaingiza pia mvuke na gesi zinazotoka ardhini, na anayetaka kuchimba ili kuzipata ni lazima kwanza apate kibali cha gavana wa mkoa. Maana yake, kijiji kinachoishi kwa mvuke kina mahali pa kusimama kisheria kabla mtambo wa kuchimbia haujafika. Bunge letu lina uwezo wa kuandika kifungu cha aina hiyo. Hata kabla ya Bunge, mamlaka zinazotoa leseni za kawi na vibali vya mazingira zinaweza kuweka sharti hilo ndani ya leseni yenyewe, na hilo halihitaji kusubiri uchaguzi mwingine.

Huenda mtatuuliza: mtambo upo tayari, mbona hofu sasa? Ni swali la haki. Visima sita vya uchunguzi vilichimbwa hapa kati ya 1989 na 1991, na mwaka 2012 kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilizindua mtambo mdogo wa karibu megawati 2.5 unaotumia kimojawapo. Huo ni mtambo mdogo sana ukiulinganisha na mradi wa mvuke wa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ulioanza mwaka 1981 kwa megawati 15 na leo unazalisha mamia ya megawati. Wasiwasi wetu hautokani na mtambo wa megawati 2.5. Unatokana na siku ambayo Eburru itaonekana kuwa Olkaria ya pili, kwa sababu nchi inahitaji umeme na joto lipo, na siku hiyo hakuna mtu atakayekuwa na karatasi inayoonyesha tundu lipi lilikuwa likitoa kiasi gani cha maji kabla kazi haijaanza.

Yaliyotokea New Zealand yamechunguzwa na kuandikwa miaka mingi, na tunawaomba wataalamu wenu wayaweke mezani. Huko Wairakei mtambo wa mvuke ulianza kuzalisha umeme mwaka 1958. Karibu yake palikuwa na bonde lililojulikana kwa chemchemi zake za kuruka, za aina ile mnayoiona Ziwa Bogoria. Maji ya moto yalipotolewa kwa wingi chini ya ardhi, shinikizo lilishuka, na chemchemi zile zikafa moja baada ya nyingine. Upande mwingine wa eneo hilohilo, mahali paitwapo Karapiti, mvuke uliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu maji yaliposhuka kina chini ya ardhi, mengi zaidi yalichemka na mvuke ukapata njia ya juu. Eneo moja, mtambo mmoja, na matokeo mawili yaliyo kinyume.

Hili tunalisema ingawa linaweza kutumiwa dhidi yetu. Matundu yetu ni ya mvuke, si ya maji ya kuruka, na inawezekana uchimbaji ukayaongezea nguvu. Inawezekana pia ukayakausha, au ukahamisha mvuke kutoka shamba la mtu hadi chini ya darasa la shule, au ukaongeza gesi hadi maji yasifae kunywa. Hakuna mganga wa kututabiria lipi litatokea. Kuna kupima tu, na kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa kabla. Ukipima baada ya bomba la mama kukauka, utakachobaki nacho ni mabishano: kampuni itasema ni ukame, mama atasema ni kampuni, na kila mmoja atakuwa hana ushahidi.

New Zealand ina funzo la pili. Katika mji wa Rotorua watu walikuwa wamejichimbia visima vingi vya maji ya moto kwa ajili ya nyumba na hoteli, na chemchemi kubwa ya kuruka ya Pōhutu ikaanza kuonyesha kudhoofika. Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka chemchemi hiyo vifungwe. Kulikuwa na malalamiko makubwa. Lakini shinikizo lilipanda tena, na Pōhutu inaruka mpaka leo. Kwa hiyo kulinda kunawezekana, na mpaka wa umbali ni kitu kinachoweza kuandikwa kwa tarakimu kwenye sheria. Hatusemi kilomita 1.5 ndiyo itakayotufaa. Mlima wetu una nyufa zake. Tunasema uwepo umbali, uwekwe na wataalamu, na ujulikane na kila mtu.

Upimaji tunaoutaka si wa anasa. Kila tundu linalotumiwa lipewe namba na liingizwe kwenye ramani pamoja na familia zinazolitegemea. Lipimwe joto lake, kiasi cha maji kinachopatikana kwa usiku mmoja, gesi zinazotoka, na ubora wa maji yenyewe, kiangazi na masika, angalau mwaka mzima kabla ya kisima kipya. Kwenye ubora wa maji tunaomba msitufiche kitu. Mvuke wa volkano unaweza kubeba vitu vingine, hata zebaki na boroni, na tukigundua kwamba tundu fulani lina kitu kibaya tungependa kuambiwa tuliache. Tunawalinda watoto wetu kwanza, matundu baadaye.

Na vijana wa hapa ndio wafanye kazi hiyo. Wapo waliomaliza kidato cha nne, wapo wenye stashahada, wanaujua mlima na hawahitaji kulipiwa hoteli. Tumewahi kupokea watu wenye vifaa, tukawaonyesha njia, tukawabebea mizigo, wakapima walichopima na kuahidi kuturudishia majibu. Majibu hayakuja. Sitaji jina la mtu wala la ofisi, kwa sababu haja yetu si kumwaibisha mtu. Haja yetu ni daftari libaki hapa, nakala moja kwa chifu na nyingine kwa kamati ya maji, na matokeo yasomwe barazani kwa Kiswahili ambacho hata mzee asiyesoma atakifuata na kuuliza maswali.

Sasa niseme juu ya pareto, maana kwetu habari ya mvuke haiishi kwenye maji ya kunywa.

Mwaka 1939, enzi za walowezi, ulijengwa hapa Eburru mtambo wa kukaushia pareto kwa joto la mvuke. Fikirini hilo: miaka 42 kabla ya Olkaria kutoa umeme wake wa kwanza, mlima huu ulikuwa tayari unafanya kazi ya viwandani. Ua la pareto halipendi papara. Likianikwa juani wakati wa mvua huota ukungu. Likikaushwa kwa moto mkali hupoteza ile dawa ya kuulia wadudu ambayo ndiyo bei yake. Linataka joto la wastani lisilopanda wala kushuka, mchana na usiku, na hicho ndicho ardhi yetu inachotoa bila kuni hata moja. Kenya ilikuwa kinara wa pareto duniani kwa miongo mingi, kisha zao likaanguka na wakulima wakang'oa. Sasa Kaunti ya Nakuru inawagawia wakulima miche ili zao lirudi. Tunaipongeza kwa hilo. Lakini mche bila kikaushio ni nusu ya kazi, na mkulima atakayerudi kuanika maua kwenye turubai atakata tamaa tena msimu wa kwanza wenye mvua ndefu.

Hatuombi kitu ambacho hakijajaribiwa. Huko Olkaria, shamba la maua la Oserian lilianza miaka ya mwanzo ya 2000 kutumia joto la kisima cha mvuke kupasha moto vibanda vyake vya maua vya ukubwa wa hektari 50. Huko Menengai, katika kaunti hiihii, Kampuni ya Ustawishaji wa Mvuke, GDC, imeonyesha kwa miradi ya majaribio kwamba joto hilo linaweza kuchemsha maziwa, kufuga samaki, kupasha moto vibanda vya mboga, kufua nguo na kukausha nafaka. Majaribio yamefanyika, yamefaulu, wageni wameletwa kuyaona. Sasa yaletwe yatumike na watu wanaoishi juu ya mvuke wenyewe. Kikaushio kimoja cha ushirika kinachotosha pareto, mahindi na mboga za majani kingepunguza mahindi yanayooza kwa unyevu, na unyevu ndio unaoleta sumukuvu. Kingeupumzisha pia msitu.

Msitu wa Eburru una karibu hektari 8,700 na ni sehemu ya misitu ya Mau. Humo bado mna bongo wa milimani, mnyama ambaye wamebaki wachache mno porini duniani kote. Uzio wa umeme wa kilomita 43 ulikamilika mwaka 2014 na umesaidia, hilo tunalishuhudia. Lakini uzio hauleti kuni. Anayekausha mazao kwa moto ataendelea kutafuta mti mahali fulani. Tena mvuke wenyewe huanzia kwenye mvua, na mvua inayopenya vizuri ni ile inayoangukia ardhi yenye miti. Wizara ya Kawi ikiujali mvuke, iujali na msitu. Hivyo viwili havitenganishwi na mpaka wa wizara. Waogiek, walioishi katika misitu ya Mau kabla ya wengi wetu kufika, wamelisema hilo miaka yote, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilithibitisha haki zao. Wawepo kwenye meza hii tangu mwanzo.

Kuhusu mrabaha nitasema kifupi. Sheria ya Kawi ya 2019 inamtaka mwenye leseni ya mvuke alipe kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya kawi kwa miaka 10 ya kwanza, kisha kati ya asilimia 2 na 5. Katika kinacholipwa, Serikali ya Kitaifa huchukua asilimia 75, kaunti 20, na jamii ya mahali 5, kupitia hazina inayosimamiwa na wadhamini. Pigeni hesabu. Kwa kila shilingi 1,000 za thamani, fungu la jamii katika miaka hiyo ya kwanza ni kati ya senti 50 na shilingi moja na senti 25. Tunalitaka fungu letu, tunataka wadhamini wachaguliwe hadharani na wanawake wawemo, na tunataka hesabu isomwe barazani kila mwaka. Lakini mtu asije akatuambia kwamba fungu hilo ni malipo ya maji. Familia ikipoteza tundu lake, hata mwenye punda wake mwenyewe atatumia nusu siku kutafuta mitungi minne, na asiye na punda atamlipa mwenye bodaboda kila siku. Hakuna senti 50 itakayoziba pengo hilo. Kwa sababu hiyo tumeanza barua na maji, pesa tumezileta huku nyuma.

Hapo chini, upande wa kusini wa Ziwa Elementaita, kuna chemchemi za moto za Kekopey. Watu huenda kuoga, wengine wakiwa na maumivu ya viungo, na Wamaasai wamezitumia kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za ofisi yoyote. Ziwa lenyewe limo katika Urithi wa Dunia tangu 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Joto la bonde hili halifuati mipaka ya vijiji, kwa hiyo tathmini ya mazingira itakayofanywa hapa juu iwafikie na watu wa kule chini, wafugaji wakiwemo. Wasije wakaisikia redioni.

Tunakumbuka pia yaliyotokea wakati wa kupanua Olkaria. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi ufanyike upatanishi. Watu walizungumza na makubaliano yakapatikana, nasi tunaheshimu waliokaa mezani. Lakini yalizungumzwa baada ya nyumba kuhama. Sisi tunaomba mazungumzo yawe kabla.

Katiba imetupa pa kushika. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali ihakikishe rasilimali zinatumiwa kwa njia endelevu na faida zake zinagawanywa kwa haki. Kifungu cha 10 kinaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ushiriki tunaoufahamu sisi ni ule ambapo mtu anaweza kusema hapana na neno lake likaandikwa. Kuitwa kwenye hema, ukapewa soda na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, hakumfanyi mtu awe ameshiriki.

Yapo na madogo ambayo hayahitaji wizara. Matundu yaliyo kando ya njia za watoto yawekewe ua, kwa sababu udongo unaoyazunguka huwa laini na mguu ukizama ngozi hutoka. Zahanati iwe na dawa za kutosha za majeraha ya moto. Mabomba ya chuma yanayoliwa na gesi yabadilishwe kwa yale yasiyoshika kutu na yanayostahimili joto. Gharama yake ni ndogo hata kwa bajeti ya wadi. Na mahali ambapo watu wazima huenda kujifukiza mvuke kwa ajili ya mgongo na viungo, pajengwe vyumba viwili vya heshima, cha wanawake na cha wanaume, visimamiwe na kikundi cha wenyeji. Mapato yatatosha kulipia fundi wa mabomba.

Tunaomba jibu la maandishi, kwa Kiswahili, litumwe kwa chifu lisomwe barazani, na liseme mambo matatu: ni ofisi gani itakayoandikisha matundu haya kuwa vyanzo vya maji, upimaji utaanza mwezi gani, na kama sharti la kuyalinda litaingizwa katika leseni yoyote mpya ya Eburru, ndiyo au hapana. Mkituma wataalamu tutawapokea na kuwatembeza. Waje kabla ya saa moja asubuhi, mabomba yanapotoa vizuri, wenyewe wakiwepo kuwaonyesha lipi ni la nani na tangu lini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Eburru, kwa niaba ya majirani wanaochota maji ya mvuke